Nimeweka Dau la Roho na Mama Mkwe Wangu

Shangazi Eufrasia, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na wiki mbili tu mkononi, kwa sababu Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nane mchana, nitatakiwa ama kumuua mama mkwe wangu ama yeye aniue mimi, na kabla hujapiga simu polisi naomba usome mpaka mwisho, kwani hakuna damu itakayomwagika, ni maandishi tu, lakini hayo maandishi yamenifanya nikae wiki nzima naangalia sahani ya ugali kama mtu aliyesahau inavyoliwa.

Mimi ni fundi simu hapa Bariadi mjini, nina miaka thelathini na nne, nimeoa miaka tisa iliyopita kwa watu wa Mwamanyili kule Busega, mke wangu anaitwa Rachel na tuna watoto wawili. Kwa miaka mitatu sasa niko kwenye kundi la wasapu linaloitwa Himaya ya Mawe Saba, tuko watu mia mbili na zaidi, wengi wa Simiyu na wachache wa Mwanza na Shinyanga, na kazi yetu ni kuigiza ufalme ambao haupo, kila mtu ana mhusika wake, kuna watemi, kuna waganga, kuna wafua vyuma, kuna mama mmoja wa Mkula ambaye yeye ni mto na hataki kuwa kitu kingine, na kuna sisi mashujaa tunaopigana. Tunapigana kwa kuandika. Wewe unaandika pigo lako, mwenzako anaandika alivyolipokea na analorudisha, zamu saba kila mmoja, halafu waamuzi watatu wanasoma yote na kusema nani ameandika hadi akashinda. Shujaa wangu anaitwa Nzagamba, yaani dume la ng'ombe, na Rachel analijua jina hilo na hunitania nalo hata mbele ya wageni.

Sasa Shangazi, watu hubeti kwenye hayo mapambano, na najua umeshakunja uso, lakini hatutumii hata shilingi moja, kanuni ya kwanza kabisa inasema atakayeingiza hela au vocha anatolewa siku hiyo hiyo. Tunabeti ng'ombe wa Himaya, ambao hawapo popote, ila unawapata kwa kuandika vizuri na ukiwapoteza inauma kuliko unavyodhani. Dau linatangazwa mbele ya kundi zima kabla mtunza kanuni hajaweka sauti ya ngoma, na ngoma ikishalia hakuna kurudisha. Mwamuzi habeti. Shujaa haruhusiwi kubeti kwamba yeye mwenyewe atashindwa, na akigundulika amejiangusha makusudi anafukuzwa, kwa sababu watu wamemwekea mifugo yao wakimwamini. Juu ya yote hayo lipo dau la roho, ambalo mashujaa wawili wanaweka uhai wa wahusika wao, kila mmoja akubali mara tatu kwa maandishi, na anayeshindwa mhusika wake anakufa na haandikwi tena milele. Linaweza kushushwa kuwa dau la ng'ombe, lakini wote wawili wakubaliane kabla ya ngoma. Atakayejitoa peke yake, mhusika wake anakufa kwa aibu.

Na iko kanuni ya mwisho, hii ndiyo imenishika shingo. Ndugu wa damu au wa ndoa hawawekeani dau la roho bila kujitangaza wote wawili kwa mtunza kanuni. Ilitungwa baada ya kaka wawili kuangushana kwa kupanga wakagawana ng'ombe mia na ishirini. Wakijitangaza, wanaruhusiwa, watu wanajua wanabetia nini. Wakificha na ikajulikana baadaye, wahusika wote wawili wanafutwa, na kila pambano walilowahi kuandika linatolewa kwenye hifadhi ya Himaya kana kwamba hawakuwahi kuwepo.

Kisha yuko Mbula, yaani mvua. Alijiunga mwaka jana wakati wa kuchuma pamba, hakuweka picha, hakujieleza, na katika pambano lake la kwanza aliandika mvua inatoka ziwani inakuja nchi kavu, na Shangazi, mimi nilikuwa kibandani, jua linapasua kichwa, lakini nilipofika katikati ya zamu yake niliinuka nikaanza kuingiza ndani meza ya makava ya simu isilowe. Constantine, jirani yangu anayeuza viatu, akaniuliza, "We fundi, unafunga saa tano hii?" Nikairudisha meza nje. Tangu siku hiyo Mbula hajawahi kushindwa. Tukamwita kaka, tukaamini ni kijana wa chuo kikuu, wengine wakasema ni padri. Siku moja niliposhindwa vibaya na mtu mwingine aliniandikia pembeni, "Pale ulipoanguka ndipo ulipoandika vizuri zaidi," nami nikamjibu asante kaka, nikaihifadhi ile meseji na ninayo mpaka leo.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeshinda mara sita mfululizo, kiburi kikanipanda, nikasimama mbele ya Himaya nzima nikamwita Mbula kwenye dau la roho. Akajibu kwa meseji tatu, moja moja. Nakubali. Nakubali. Nakubali. Ndani ya dakika kumi watu walishaanza kutuwekea ng'ombe.

Kanuni inataka kila shujaa atoe tambo tatu kabla ya siku ya pambano, za kumdhalilisha mwenzake ili watu wapandishe madau. Kwa vile Mbula anapenda kuandika mambo ya ziwa, tambo yangu ya kwanza nilimwambia mkuki wake ni mwiko, aende ufukweni akafukuze kunguru kwenye dagaa. Alijibu, "Dagaa nimeshaanika asubuhi. Jumamosi ile nakuanika wewe." Watu walicheka siku mbili na mimi nilicheka nao.

Jumatano iliyofuata Rachel akarudi kutoka kwao na simu ya mama yake, kioo kimepasuka. Akaniambia, "Mama anasema umtengenezee, hana haraka." Nikabadilisha kioo, simu haikuwa na namba ya siri, nikaiunganisha na intaneti ya kibandani nione kama inashika, nikaiweka mezani. Wakati nasubiri nikakumbuka sijatuma tambo ya pili. Nikachukua simu yangu, nikaandika nilichokuwa nimekipanga, kwamba Mbula ana miguu ya korongo na kwamba akikimbia vitani watoto watadhani ni vijiti vya kuni vinahama, nikatuma. Simu ya mama mkwe ikatetemeka mezani.

Nilidhani ni mambo ya mtandao tu. Nikaiangalia. Ilikuwa tambo yangu. Nikafungua kuona ni nani kwenye familia ya mke wangu aliyeko Himaya, na nikaona kwenye laini ya pili, ile ambayo namba yake sisi wa familia hatunayo, jina la mwenye akaunti. Mbula.

Shangazi, nimekuwa mkwe wa nyumba hiyo miaka tisa. Nikikutana na huyu mama njiani, mimi natoka pembeni kwenye majani hadi apite. Sijawahi kumpa mkono. Sijawahi kula akiniona. Jina lake sijalitamka na hapa pia sitaliandika. Maneno tuliyowahi kuambiana tangu nioe hayazidi arobaini, na thelathini kati ya hayo ni "mwadila mayu", salamu ya Kisukuma kwa mama, na kuitikiwa kwa mbali, tena amegeukia ukutani. Ni mama anayenunua dagaa ziwani, anaanika, anauza kwa debe, Jumapili anaimba sauti ya pili kanisani, na watu humsifia kwa kutokuwa na maneno. Na mimi nimeandika miguu yake, mbele ya watu mia mbili.

Halafu nikafanya kosa jingine, nalikiri. Nilisoma. Alikuwa na sehemu anakoandikia kabla ya kutuma. Mambo ya pambano letu sikuyagusa, naapa, lakini niliitafuta ile mvua. Niliikuta. Sentensi moja ya mvua inaingia nchi kavu ameiandika mara kumi na moja, kila mara amebadilisha neno moja au mawili, na kila mara imekuwa nzuri zaidi, na ya kumi na moja ndiyo ile iliyonifanya niingize meza ndani. Nilishika ile simu kwa mikono miwili. Sijui nilikuwa naogopa au nilikuwa kanisani. Mikono inayochambua dagaa kule Mwamanyili ndiyo hiyo hiyo, na mimi kila mwaka napeleka zawadi ya khanga na sukari nikidhani namjua mama wa mke wangu.

Sasa simu imepona na nimeshindwa kuirudisha. Rachel akiuliza nasema nasubiri kipuri. Nikijitangaza kwa mtunza kanuni, Mwalimu Salvatory, yeye ni mwalimu mstaafu wa huko huko Mwamanyili na kanisani hukaa benchi la nyuma ya baba mkwe, nitakuwa nimemwanika mama wa watu na siri yake. Nikinyamaza na ikajulikana, mvua yake inafutwa, yote, na hilo siwezi kulibeba. Nikijitoa, Nzagamba anakufa kwa aibu na watu arobaini na mmoja walioniwekea ng'ombe wananiona mwoga. Nimewaza pia niandike ovyo siku hiyo, nianguke taratibu, yeye abaki hai, kwa heshima. Na bado nadaiwa tambo ya tatu kabla ya Alhamisi ijayo. Shangazi, mtu anamwambia nini mama mkwe wake katika hali hii, wakati hata habari za asubuhi hatuongei?

Ni mimi, Fundi, Bariadi.

* * *

Fundi,

Marahaba. Nimekaa kwenye safu hii miaka kumi na sita. Nimejibu wenye wake watatu, nimejibu waliouza shamba la urithi wakanywea, nimejibu bibi arusi aliyetoroka na mpiga picha wa harusi. Barua yako niliisoma nimekaa, nikaimaliza nimesimama, na chai yangu ikapoa. Nimemwona huyo mama mbele ya macho yangu, anageuza dagaa kwenye turubai, midomo inatembea kidogo, watu wakidhani anasali, kumbe anatafuta neno la kumi na moja. Pole kwa mshtuko. Pole imeisha, sasa nikuseme.

Wewe ni fundi. Simu ya mteja ikija kubadilishwa kioo, unabadilisha kioo. Hukuitwa kusoma. Siku utakapozisoma za wateja wengine hutaandika kwangu, utaandika ukiwa mahabusu. Liache hilo leo hii.

La pili, acha uongo wa kipuri. Mama wa watu amekaa bila simu wiki nzima kwa sababu ya woga wako, tena wiki ambayo anajiandaa kwa pambano la roho. Huoni kwamba umeshaanza kumpiga kabla ya ngoma?

Sasa nikuulize mambo ambayo wewe mwenyewe umeyaandika halafu hukuyasoma. Kutoka Mwamanyili mpaka Bariadi kuna mafundi simu wangapi? Pale Lamadi tu wamejaa, wanabadilisha kioo ukisubiri. Mama huyo amewapita wote hao, ametuma simu yake kwako, haina namba ya siri, akasema hana haraka. Mkeo anajua shujaa wako anaitwa Nzagamba na anakutania nalo mbele ya wageni. Mkeo huyo huyo anakwenda kwao mara kwa mara. Akiwa na mama yake jikoni unadhani wanaongea nini, bei ya vitunguu? Na yule mtu aliyekuandikia pembeni kwamba umeanguka vizuri, umewahi kusikia amemwandikia mwingine aliyeanguka?

Anajua, Fundi. Alijua wakati anaandika nakubali ya kwanza, na alikuwa na nafasi ya kuacha kabla ya ya tatu. Alijua ulipomfukuzisha kunguru, ndiyo maana jibu lake lilikuwa tamu vile. Siwezi kuapa kwa niaba yake, sijakutana naye. Lakini mimi pia ni mama mkwe wa mtu. Kijana aliyemwoa binti yangu ananipisha kwenye majani kila mwaka, nami nageukia ukutani kama inavyotakiwa, na kuna siku natamani sana kujua huyu mtu anawaza nini, kwa sababu analala na mwanangu na anakula jasho la mwanangu. Adabu yetu ni nzuri na sikuambii uivunje. Ila mwenzako ameona mahali ambapo hakuna njia ya kupishana wala ukuta wa kugeukia, akakusubiri hapo kwa miezi mingi, kwa uvumilivu, bila kukuaibisha. Hilo limenitoa machozi, na mimi si mtu wa machozi, waulize hapa ofisini.

Kwa hiyo lile wazo la kuanguka taratibu kwa heshima lifute kabisa kichwani. Mwanamke anayeandika sentensi moja mara kumi na moja, wewe umpelekee pambano la uongo? Atalijua kwenye zamu ya kwanza. Hutakuwa umemheshimu, utakuwa umemwambia kwamba kwako yeye ni mama wa khanga na sukari tu. Na wale arobaini na mmoja waliokuamini utakuwa umewaibia, hata kama ng'ombe wao hawali majani.

Fanya hivi. Leo hii, kabla Rachel hajakuuliza tena habari za kipuri, mketishe na umwambie yote, pamoja na kusoma, pamoja na miguu ya korongo. Atacheka mpaka akae chini. Mwache acheke. Akimaliza, umpe simu aipeleke kwa mama yake Jumamosi hii, si inayofuata. Siri ni ya mama, si yako, kwa hiyo kutangaza ni kwake kuamua, wewe kazi yako ni kuuliza kwa adabu kupitia mdomo wa mtoto wake, kama mambo yote ya ukweni yanavyopita. Rachel amuulize mambo matatu tu. Je, tujitangaze wote kwa mtunza kanuni? Kama hataki, je, tulishushe dau liwe la ng'ombe, ambapo kanuni ya ndugu haitugusi? Na ile tambo ya pili, je, anaipokea kama ya shujaa kwa shujaa, au nilete mbuzi wa faini?

Jibu lolote atakalotoa, lifuate bila nyongeza. Akisema mjitangaze, mwandikieni mtunza kanuni siku moja na saa moja, asije mmoja akaonekana amemchomea mwenzake. Usimwogope huyo mwalimu kwa ajili ya benchi la kanisani. Mama aliyetuma simu bila namba ya siri ameshapima nani ajue na nani asijue, tena amepima vizuri kuliko wewe. Akisema dau lishushwe, shusha na usilalamike. Asipojibu kitu, akacheka tu, Rachel akuletee hicho kicheko kama kilivyo na wewe ulishushe dau, ukimwomba naye akubali, kwa sababu hatubahatishi na kazi ya mtu ya mwaka mzima.

Tambo ya tatu uitoe, kanuni ni kanuni. Mtambie mkuki wake, mtambie ngao, mtambie hata mvua kama unathubutu. Mwili wa mtu uuache, iwe ni mama mkwe au si mama mkwe, na natumaini hili utalibeba hata kwa wale usiowajua.

Halafu siku ikifika, funga kibanda, mwambie Constantine asikusumbue, ukae chini upigane. Upigane kweli, zamu zote saba, kwa kila ulicho nacho, uandike na ufute na uandike tena. Ukimuua Mbula, muue kwa maneno ambayo mama huyo atataka kuyasoma mara ya pili. Na akikuua yeye, usikimbilie kusoma waamuzi wamesemaje. Soma kwanza jinsi alivyokuua, polepole, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, kwa sababu sidhani kama kuna mkwe mwingine Simiyu nzima aliyewahi kuambiwa maneno mengi hivyo na mama wa mke wake.